Kujiandaa na GRE ya saikolojia ukiwa Kigoma: mwongozo kamili

Bado ninalo kaunta buku la kwaya nne nililolijaza mwezi wa kwanza wa maandalizi yangu. Mwandiko mzuri, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, maelezo kwa bluu. Jioni baada ya jioni, nyumbani Mwanga, nilinakili sura tano za kitabu cha utangulizi wa saikolojia na nikaamini kwamba ninasoma. Mwezi ulipoisha nikajipa maswali 40. Nikapata 13. Kwenye sura ya ubongo, ambayo niliinakili kwa uangalifu kuliko zote, nilikosa maswali saba kati ya manane.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wanasihi wanaofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi huko Kasulu, na vijana waliomaliza shahada ya elimu au saikolojia wakarudi nyumbani Kigoma, wanaotaka kuomba nafasi ya masomo ya juu Marekani. GRE, mtihani wa Kimarekani unaotumika kuombea masomo hayo, unapitika ukiwa hapa hapa. Lakini unapima kitu kimoja ambacho kunakili hakukupi: uwezo wa kulitoa jambo kichwani, haraka, bila kitabu mbele yako. Kila hatua hapa chini imejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: hakikisha unauhitaji

Kuna mitihani miwili na watu huichanganya. GRE ya jumla hupima lugha, hesabu na uandishi. Tangu Septemba 2023 inachukua saa 1 na dakika 58. Lugha na hesabu kila moja hupewa alama kati ya 130 na 170, na insha kati ya 0 na 6. GRE ya somo la saikolojia ni mtihani mwingine, una usajili wake na ada yake. Mwongozo huu unahusu huo wa pili.

Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kudai mtihani wa somo, na vingine vimeacha hata ule wa jumla. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua orodha ya vyuo unavyovitaka, ufungue ukurasa wa udahili wa idara ya saikolojia yenyewe (si ukurasa wa chuo kwa jumla), na mbele ya kila chuo andika neno moja: lazima, hiari, au hawapokei. "Hawapokei" maana yake hata ukiituma hawataiangalia.

Iwapo orodha yako yote ni hawapokei, funga mwongozo huu na muda wako uuweke kwenye barua ya maombi. Ikiwa vingi ni hiari, maoni yangu ni haya: kwa mtu ambaye shahada yake ni ya ualimu, au ametoka chuo ambacho wale wa kule hawakijui, alama nzuri inamsemea mahali ambapo cheti chake hakisemi. Mimi niliufanya kwa sababu hiyo.

Na kama unalenga shahada ya uzamili hapa hapa nchini, mtihani huu haukuhusu. Huku wanaangalia matokeo ya shahada yako ya kwanza.

Hatua ya pili: ujue mtihani kabla ya kuusomea

Watungaji ni taasisi ya Marekani iitwayo ETS. Mtihani unafanywa kwa kompyuta, kituoni au nyumbani kwako. Una maswali kama 144, kila moja lina majibu matano ya kuchagua, na muda ni saa mbili. Ukigawanya unapata sekunde 50 kwa swali. Hesabu hiyo iandike ukutani.

Jibu baya halikatwi alama. Ukikuta mtandaoni pasti pepa za zamani zinazosema kila kosa linakuondolea robo alama, ujue utaratibu huo ulishafutwa. Zitumie kwa mazoezi, ila usifuate onyo lile. Usiache swali hata moja wazi.

Alama ya jumla ni kati ya 200 na 990, na chini yake zipo alama ndogo sita, kila moja kati ya 20 na 99, kwa maeneo sita. Misingi ya kibiolojia, yaani ubongo, neva na milango ya fahamu, hubeba asilimia 17 hadi 21. Utambuzi, ambamo mna ujifunzaji, kumbukumbu, lugha na fikra, asilimia 17 hadi 24. Saikolojia ya jamii 12 hadi 14. Ukuaji wa mwanadamu 12 hadi 14. Haiba na magonjwa ya akili 15 hadi 19. Lililobaki ni vipimo, mbinu za utafiti, historia ya fani na mambo ya kazini na shuleni, nalo lina 15 hadi 19.

Sisi walimu tutulie hapo kidogo. Chuoni tulimsoma Piaget, yule wa hatua za ukuaji wa mtoto, mpaka tukamwota, lakini eneo lake zima ni maswali 20 hivi. Ubongo na milango ya fahamu ni maswali 24 hadi 30, na huko ndiko wengi wetu tuko watupu. Kujisikia vizuri ukisoma unachokijua hakukuongezei alama.

Hatua ya tatu: pasipoti, ada na tarehe

Anza na hizi mapema, maana haziendi kwa kasi yako.

Kitambulisho cha uhakika kwa mtihani huu ni pasipoti. Ya kawaida ni shilingi 150,000, na maombi yake hujazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji. Jina utakalojisajilia ETS lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Kwetu jina moja linaweza kuandikwa kwa njia tatu: cheti cha kuzaliwa kimeandika Zubeda, cheti cha kidato cha nne Zubeida, kitambulisho cha taifa kikarudi Zubeda. Usijisajili kwa jina ulilolizoea, jisajili kwa lile la pasipoti. Tofauti na vyeti vya shule utaieleza kwa kiapo cha wakili utakapotuma vyeti, ila mlango wa mtihani unafunguliwa na pasipoti.

Ada ya mtihani wa somo imekuwa dola 150 za Marekani, inalipwa kwa kadi ya mtandaoni. Kadi ya benki yako huenda imezuiwa malipo ya nje. Nenda tawini uombe ifunguliwe. Njia nyingine ni kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya huduma za pesa kwa simu. Weka pesa ya ziada kidogo kwa ajili ya mabadiliko ya bei ya dola na makato.

Mtihani una madirisha matatu kwa mwaka: Septemba, Oktoba na Aprili. Mimi nakushauri Septemba bila kusita. Kwanza, maombi mengi ya shahada za uzamivu hufungwa Desemba, na majibu ya Septemba yanawahi. Pili, Kigoma Septemba bado ni kiangazi. Oktoba mvua zinaanza, na Aprili ndiyo usiseme. Anayeishi chini ya bati anajua mvua ikipiga hata mtu aliye mbele yako humsikii, na mtandao nao unaanza kuyumba.

Hatua ya nne: jipime ukiwa hujui

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaumiza. Tafuta maswali 60 ya kuchagua, kumi kwa kila eneo, toka mwisho wa sura za kitabu chochote cha utangulizi. Kitabu cha saikolojia cha OpenStax kinapatikana bure mtandaoni. Kipakue usiku mmoja kwa bando la usiku, ukihifadhi kwenye kompyuta na simu, usihitaji mtandao tena. Jibu maswali yote 60 kwa dakika 50 bila kufungua kitu.

Kitabu cha mazoezi ambacho ETS wenyewe wanakitoa bure usikiguse sasa. Ni mtihani mzima na ndicho kitu kilicho karibu zaidi na siku yenyewe. Ukikitumia leo, umekipoteza.

Sahihisha, kisha panga maeneo yako sita kuanzia lililo baya zaidi. Hiyo ndiyo ratiba yako ya kusoma.

Hatua ya tano: kadi za manila

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo lilibadilisha kusoma kwangu. Wanafunzi walipewa kifungu kifupi. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi lingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likaandika yote liliyoyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, na wale waliojipima asilimia 61.

Soma tena hapo kwenye dakika tano. Ndiyo sababu kunakili kunadanganya: ukifunga daftari usiku ule, kila kitu kipo. Wiki ikipita kimeondoka, na mtihani uko miezi mitatu mbele.

Basi fanya hivi. Nunua karatasi za manila steshenari, ukate kadi za ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele andika neno kwa Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza na istilahi lazima uzijue kwa jina hilo. Upande wa nyuma andika maelezo kwa Kiswahili chako mwenyewe, sentensi moja au mbili, pamoja na mfano wa hapa. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili ujue hujalielewa, umelikariri tu. Kadi yangu ya namna niuroni, yaani seli ya neva, inavyorusha ishara ilisema nyuma: "Ama inarusha ama hairushi, kama swichi ya taa. Nguvu ya kichocheo haiongezi ukubwa wa ishara, inaongeza idadi ya ishara."

Chukua boksi la viatu, uligawe vyumba vitatu kwa vipande vya boksi. Kadi mpya zinakaa cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukijibu sawa kadi inahamia cha pili, unaipitia kila baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena inahamia cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa, popote ilipokuwa, inarudi cha kwanza. Ukipenda simu ipo programu ya Anki ambayo kwa Android ni bure na inafanya kazi bila mtandao, lakini manila haihitaji chaji.

Sharti moja tu: toa jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kugeuza haraka na kusema "aa, hii naijua" ni kule kule kunakili.

Mdogo wangu mmoja anayefanya unasihi kambini alinipigia akiwa amekata tamaa.

"Shikamoo dada. Kitabu nimekimaliza mara tatu na bado nafeli."

"Marahaba mdogo wangu. Kipo karibu?"

"Kipo mbele yangu."

"Kifunge. Nitajie tofauti ya mtu aliyeumia eneo la Broca na aliyeumia eneo la Wernicke, zile sehemu mbili za ubongo zinazohusu lugha."

Kimya. Kisha: "Dada, nilikisoma jana usiku."

Hakuwa mvivu. Alikuwa amesoma mara tatu na hajajiuliza hata mara moja.

Hatua ya sita: eneo kwa eneo

*Ubongo na neva.* Hapa kadi peke yake hazitoshi, chora. Wanafunzi wakishatoka nilibaki darasani na chaki. Nilichora ubongo ubaoni kwa kichwa, nikaandika kila sehemu na kazi yake, kisha ndipo nikafungua kitabu na kusahihisha kwa chaki nyekundu. Mara ya kwanza ubao ulikuwa mwekundu wote. Mara ya sita ulikuwa na alama mbili. Kila sehemu ifunge na mgonjwa wake, maana maswali huja na mgonjwa. Broca mwaka 1861 alieleza mtu aliyeelewa anachoambiwa lakini karibu neno pekee aliloweza kutamka lilikuwa "tan". Mtu wa Wernicke anaongea kwa mfululizo mzuri, ila maneno hayana maana na yeye mwenyewe haelewi anachoambiwa. Mgonjwa anayejulikana kama H.M. alifanyiwa upasuaji mwaka 1953, wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya, lakini aliweza kujifunza ustadi wa mkono bila kukumbuka kwamba amewahi kuufanya. Sentensi hiyo ya mwisho peke yake inajibu aina tatu za maswali kuhusu kumbukumbu.

*Ujifunzaji.* Ratiba nne za kuimarisha tabia, yaani zawadi inakuja baada ya nini, huchanganya karibu kila mtu. Zichukue mitaani kwetu. Mbeba mizigo bandarini anayelipwa kwa kila magunia kumi: idadi maalumu. Bodaboda pale sokoni Mwanga anayeita abiria bila kujua ni wa ngapi atakayepanda: idadi isiyotabirika, na ndiyo ratiba inayotoa tabia ya kasi na ngumu kufa. Mshahara wa mwisho wa mwezi: muda maalumu. Kuchungulia simu kama ujumbe umeingia: muda usiotabirika. Ukiona swali jiulize jambo moja kwanza, je, zawadi inaletwa na wingi wa vitendo au na kupita kwa muda? Hapo majibu mawili yameshaanguka.

*Ukuaji.* Mama pale Ujiji anamimina mawese toka chupa pana kwenda chupa nyembamba ndefu. Mtoto wa miaka mitano anasema sasa yameongezeka. Wote tunajua ni Piaget, na hatua ni ile ya miaka miwili hadi saba. Lakini mtihani hauishii hapo. Utauliza kwa nini, na kati ya majibu matano litakuwepo la ubinafsi wa mtazamo, ambalo nalo ni la hatua hiyo hiyo na nalo ni la Piaget. Jibu ni kwamba mtoto amekaza macho kwenye sifa moja, kimo, akasahau upana. Jibu baya kwenye mtihani huu mara nyingi ni jambo la kweli lililowekwa pasipo pake.

Katika mshikamano wa mtoto na mlezi, wengi hujibu kwa kuangalia kama mtoto alilia mama alipotoka. Kinachotofautisha hasa ni anavyompokea mama anaporudi. Na watu wa Maziwa Makuu tuna haki ya kujua kwamba Mary Ainsworth, kabla ya majaribio yake maarufu ya Baltimore, aliwatazama akina mama na watoto wao Uganda katika miaka ya 1950, akachapisha kazi hiyo mwaka 1967.

*Mbinu za utafiti na takwimu.* Alama za bei rahisi kuliko zote zipo hapa, kwa sababu mambo ni machache na hayabadiliki. Kosa la aina ya kwanza na la pili yashike kwa kipimo cha malaria zahanati. Kipimo kikisema unayo wakati huna, hilo ni la kwanza. Kikisema huna wakati unayo, la pili. Uthabiti na uhalali wa kipimo vishike kwa mizani ya dagaa Kibirizi: mizani inayozidisha gramu 100 kila ukipima ni thabiti kabisa, inatoa jibu lile lile, lakini si halali. Kwenye mgawanyo wa kawaida kumbuka 68, 95 na 99.7, yaani asilimia ya alama zilizo ndani ya hatua moja, mbili na tatu za mtawanyiko toka wastani.

Na Gombe, ambako boti zake zinaondokea hapo hapo Kibirizi, ni darasa la mbinu za utafiti. Jane Goodall alifika Julai 1960, na mwaka ule ule akaona sokwe mtu wakitumia vijiti kuvua mchwa kichuguuni. Huo ni uchunguzi katika mazingira ya asili. Baadaye uliwekwa utaratibu wa kuwapa ndizi ili waje karibu, na wakosoaji wakasema ndizi zenyewe zilibadilisha tabia yao. Ukiulizwa udhaifu wa mtafiti kuingilia anachokitazama, huo hapo, mwendo wa boti toka nyumbani. Usimchanganye na Köhler, mwanasaikolojia ambaye sokwe wake walikuwa wamefungiwa Tenerife na hoja yake ilikuwa ufumbuzi wa ghafla, wala na paka wa Thorndike waliojifunza kwa kujaribu na kukosea.

*Magonjwa ya akili.* Jifunze muda, maana majibu hutenganishwa na muda. Sonona kubwa huhitaji dalili za wiki mbili, sonona ya kudumu miaka miwili. Wasiwasi wa jumla miezi sita. Wazimu wa furaha iliyopitiliza wiki moja, na ile hali yake nyepesi siku nne. Msongo wa baada ya kiwewe ni zaidi ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo, kuanzia siku tatu, ni msongo mkali wa muda mfupi. Skizofrenia ni miezi sita, kati ya mwezi mmoja na sita ina jina lingine, chini ya mwezi lingine tena. Wenzangu wa kambini mnaziona hali hizi kila wiki, kwa hiyo kwenye kila kadi mfikirie mtu mmoja, pasipo kuandika jina lake.

*Jamii.* Kwa kila jaribio kumbuka matokeo yaliyoshangaza, si maelezo marefu. Milgram, aliyewaamuru watu wampige mwenzao shoti ya umeme (ya kuigiza, ila wao hawakujua): 26 kati ya watu 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450. Festinger na Carlsmith mwaka 1959: waliolipwa dola 1 kudanganya kwamba kazi ilikuwa nzuri waliipenda kuliko waliolipwa dola 20, kwa kuwa dola 1 haikutosha kuwa sababu.

Historia ya fani jipe jioni mbili. Maabara ya kwanza ya saikolojia, ya Wundt, Leipzig, 1879, na nani alimpinga nani. Inatosha.

Kuna jambo moja litakalokusumbua njiani. Vitabu vinaeleza mtoto, familia, na hata nafsi kwa namna ambayo si ya Ujiji wala Kasulu. Una haki ya kusumbuka; mwaka 2010 Henrich na wenzake walionyesha kwamba saikolojia kwa sehemu kubwa imejengwa kwa kuwapima watu wa nchi za Magharibi. Lakini siku ya mtihani jibu kama kitabu. Yale yanayokugomea rohoni yaandike kwenye daftari la pembeni. Daftari langu hilo ndilo lililonipa mada ya utafiti niliyoiandika kwenye maombi.

Hatua ya saba: wiki 16

Mimi, baada ya ule mwezi wa kunakili, nilianza upya katikati ya Mei. Wiki nne za kwanza nilizipa maeneo mawili mabaya zaidi, na likizo ya Juni nikaimalizia huko. Nane zilizofuata, maeneo manne yaliyobaki, wiki mbili kila moja. Wiki nne za mwisho hakuna kusoma sura mpya, ni kadi na majaribio tu. Dakika 90 za alfajiri, kabla ya shule, zilinifaa kuliko dakika 180 za usiku nikiwa nimechoka. Jumapili nilipumzika, isipokuwa kadi.

Majaribio kamili ni mawili au matatu, saa mbili bila kusimama. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu moja: sikujua, nilijua nikasahau, au nilisoma swali vibaya. Ya kwanza inahitaji kitabu, ya pili kadi, ya tatu kupunguza mwendo. Kitabu cha mazoezi cha ETS kiwe jaribio la mwisho, wiki moja na nusu kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya nane: chumba, umeme na mtandao

Kigoma hatuna kituo cha mtihani huu. Kufuata kituo Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, nauli, malazi na ruhusa kazini. Kuufanya nyumbani kunawezekana, ila masharti yake ni makali. Lazima iwe kompyuta, simu au tableti haikubaliki. Iwe na kamera na spika. Vifaa vya kuvaa masikioni haviruhusiwi. Uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, na msimamizi anakutazama kwa kamera toka mwanzo mpaka mwisho. Karatasi na kalamu ya kawaida hapana, unaruhusiwa ubao mdogo mweupe wa kufutika. Andaa na kioo cha mkononi au simu, wataomba uwaonyeshe kilichopo mbele ya kompyuta.

Nyumba yenye watoto wadogo isikudanganye kwamba watatulia kwa sababu umewaambia. Mimi niliazima chumba kwa jirani ambaye watoto wake wameshakua, nikambandikia karatasi mlangoni.

Betri ya kompyuta ipime: ijaze, washa kamera na mtandao, uone kama inafika saa tatu bila umeme. Isipofika, tafuta ya kuazima. Kuwa na laini za mitandao miwili tofauti, kila moja ina bando, na jaribu kila moja kwenye chumba hicho hicho, saa ile ile ya mtihani, siku tatu tofauti. ETS wanayo programu ya kukagua kama kompyuta yako inafaa. Iendeshe wiki moja kabla na tena siku moja kabla. Jaribio langu la kwanza la mtandao lilikatika dakika ya 40, kwa laini ambayo nilikuwa naiamini miaka yote. Ingekuwa siku yenyewe ningelia.

Saa ya miadi isome mara mbili. Ikiandikwa 14:00 kwa saa za Afrika Mashariki ni saa nane mchana. Nimeshuhudia mtu mzima akisoma 9:00 akajipanga saa tisa alasiri.

Hatua ya tisa: saa mbili zenyewe

Jana yake pitia kadi za chumba cha kwanza tu, ulale mapema. Kula kitu ulichokizoea.

Pita maswali yote mara ya kwanza ukijibu unayoyajua papo hapo. Lenye utata chagua jibu la kubahatisha, liwekee alama ya kurudia, songa. Ukifika saa moja uwe karibu na swali la 72. Ukirudi kwenye yale ya alama, ondoa kwanza majibu ambayo ni ya eneo lingine kabisa. Ukibakiwa na mawili, yasome kwa kutafuta neno linalozidisha: "daima", "pekee", "kamwe". Badilisha jibu pale tu unapoweza kujitajia sababu.

Baada ya mtihani

Alama hudumu miaka mitano, kwa hiyo ukikosa nafasi mwaka huu hazijapotea. Zikifika, zilinganishe na orodha ya hatua ya kwanza. Kwenye vyuo vya lazima unatuma. Kwenye vya hiari angalia alama ndogo sita pamoja na ya jumla. Mwombaji wa mambo ya ubongo mwenye jumla ya kati lakini alama ya juu ya kibiolojia ana sababu ya kutuma.

Na tarehe ya mwisho ya maombi ikisomeka Desemba 1, saa 23:59 kwa saa za New York, kwetu hiyo ni Desemba 2, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Usisubiri asubuhi hiyo. Mimi nilituma yangu Novemba 27 usiku, mtandao ukiwa umetulia, nikapiga picha ya ukurasa wa uthibitisho na kujitumia kwenye barua pepe.